Makasia Mawili Hadi Malindi

Eda niliikalia nyumbani kwa mavyaa yangu, mama wa mume wangu, mtaa wa Barani, na katika miezi ile minne na siku kumi sidhani kama niliwahi kumaliza kikombe cha chai nikiwa nimekaa. Aliyefiwa na mume hutarajiwa atulie. Watu waliokuja kunipa pole walinikuta nimesimama, mara nafuta kabati lililokwisha kufutwa, mara nafumua pindo la pazia ili nilishone upya. Siku za mwanzo mavyaa yangu aliniangalia tu. Mwezi wa pili akaniambia, "Mwanangu, utaitoboa sakafu." Nikakaa. Punde si punde nilikuwa nimesimama tena.

Mume wangu alikuwa mwokoaji, katika wale wanaovaa fulana nyekundu na filimbi shingoni, wakiwalinda waogeleaji ufuoni. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na moja, hapa hapa Malindi, na nyumbani hakuleta hadithi nyingi. Akirudi nilimuuliza, "Leo vipi?" Naye hunijibu, "Wametoka wote." Ndiyo ripoti yake, na akimaliza kuisema huwa keshanawa mikono anangoja chakula.

Siku aliyofariki, shule moja ya upande wa Mariakani ilikuwa imeleta watoto kuiona bahari. Wasichana wawili walichukuliwa na mkondo. Mwalimu wao, mwanamke asiyejua kuogelea, aliingia majini na nguo zake kuwafuata. Mume wangu na mwenzake wakaingia. Mwenzake alimtoa msichana mmoja, mume wangu akamtoa wa pili, kisha akarudi kumfuata mwalimu. Mwalimu alifika ufuoni ameshika boya. Mume wangu hakufika. Walimpata alasiri karibu na mwamba, na kesho yake kabla ya adhuhuri alikuwa keshazikwa.

Hayo ndiyo niliyoambiwa, tena na watu wengi, kila mmoja kwa namna yake. Nilichokitaka mimi hakuna aliyeweza kunipa. Nilitaka kile kipande cha katikati, tangu aliporudi majini mpaka mwalimu alipokanyaga mchanga. Nilikuwa nacho kichwani nikifua, nikipika, na Mungu anisamehe, hata nikiswali. Mimi ni fundi wa cherehani, nashona sare za shule, na katika miezi ile niliharibu sketi nyingi kuliko katika miaka yangu yote ya ufundi.

Nilipotoka eda, mkuu wa waokoaji alikuja kutuamkia. Ni mtu mzima, mkimya, aliyefanya kazi na mume wangu tangu mwanzo. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeitwa ofisini. Mavyaa yangu alikuwa na ungo mapajani, anachagua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wazima huko?"

"Wazima, alhamdulillahi." Kisha akanigeukia. "Shemeji, tumekubaliana jambo kwa ajili ya ndugu yetu. Tutapiga makasia kutoka Kilifi mpaka hapa Malindi, kwa kayaki, siku mbili. Watu watachangia. Tutanunua maboya, na tutawafunza watoto wa shule kuogelea, wa hapa na wa bara. Tunakuomba siku ya kufika uwepo ufuoni, utupokee."

"Nisimame ufuoni?"

"Ukitaka kiti tutakuwekea."

"Sitaki kiti," nikamwambia. "Nataka kasia."

Mkono wa mavyaa yangu ulisimama juu ya mchele. Mkuu alimtazama yeye, kisha mimi.

"Unajua kuogelea, shemeji?"

Nilizaliwa Malindi, nikakulia Malindi, na bahari nilikuwa naijua mpaka kiunoni tu. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia pia kwamba wakitaka kuwafunza watoto wa watu, waanze na mimi.

Alipoondoka, mavyaa yangu hakunisemesha mpaka baada ya sala ya alasiri. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Bahari imeshachukua mmoja katika nyumba hii."

"Najua, mama."

"Nawe unakwenda kuichezea."

"Sichezi. Nikiendelea kukaa hapa ndani nitashikwa na wazimu."

Alipeta mchele wake mara mbili, tatu. Nilidhani maneno yameisha. "Na huko majini," akasema mwishowe, "utavaa nini?"

Nilishona suruali na kanzu fupi ya kitambaa chepesi kisichoshika maji, na mtandio wa kubana kichwa. Kila siku asubuhi, jua likianza kuchomoza, nilikuwa ufuoni na binti wa mkuu, ambaye ni mwogeleaji hodari. Wiki ya kwanza nilikunywa bahari. Kupiga miguu nilikuweza upesi, maana miguu yangu haikuwa na kazi nyingine ya maana. Kulikonishinda ni kuelea. Kuelea kunataka mtu alegee, aache shingo, aache mabega, ayaamini maji. Yule binti alinishika mgongo kwa viganja viwili akaniambia, "Dada, tulia," nami nikazama. Nilizama siku tisa. Siku ya kumi nilielea kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, nikakumbuka ni maji gani yale, nikazama tena.

Kayaki zilikuwa za watu wawili wawili, na mwenzangu nilikuwa sijapewa. Mkuu alikuja nyumbani na habari hiyo, na safari hii hakukaa kabisa.

"Yuko mwanamke mwingine aliyeomba kupiga kasia," akasema. "Naye amekuwa akijifunza kuogelea, Kilifi, kila mwisho wa wiki. Ni yule mwalimu. Nikisema hapana ataelewa. Uamuzi ni wako, shemeji."

Nilikuwa nimemchukia mwanamke yule kwa miezi mitano bila kumjua sura. Nilimchukia kwa kuingia majini na hajui kuogelea. Nilimchukia zaidi kwa kutoka. Lakini alikuwa ndiye peke yake aliyekiona kile kipande cha katikati. Nikasema, "Mwambie aje nimpime nguo."

Alikuja siku ya Jumamosi. Kwao ni Matsangoni, na Mariakani yuko kikazi tu. Alikuwa mfupi, mwenye umri kama wangu, amefunga leso juu ya rinda kama mtu anayekwenda msibani. Alimwamkia mavyaa yangu kwa kumshika mkono kwa mikono yake miwili, na hata baada ya kuitikiwa hakuuachia. Mavyaa yangu ndiye aliyeutoa mkono wake, taratibu, akamwambia aingie ndani kwa fundi.

Nilimsimamisha katikati ya chumba. Nilikuwa nimeyaandaa maneno tangu siku za eda, mengine makali mno. Mdomoni yakanitoka, "Inua mkono. Geuka. Vuta pumzi." Nilimpima bega, kifua, kiuno, nikiziandika namba kwenye daftari.

"Dada," akasema, amenipa mgongo, "siku ya maziko nilikuja. Nilisimama nje, pale kwenye mwarobaini. Sikuthubutu kuingia."

"Ungeingia."

"Ningesema nini?"

Nikamuuliza suruali anaitaka ya kupwaya au ya kubana. Akasema yoyote isiyomzuia kupiga miguu.

Tuliondoka Kilifi asubuhi, kutoka kwenye mchanga ulio karibu na daraja, pale ghuba inapoingia bara. Zilikuwa kayaki kumi, na nyuma yetu mashua ya injini ya waokoaji, mkuu akiwa ndani yake. Shekhe aliomba dua, mchungaji naye akaomba, na mimi wakati wote nilikuwa nakaza na kulegeza mikanda ya jaketi langu la kuelea. Mwalimu aliwekwa mbele, mimi nyuma. Ndivyo nilivyojikuta, kwa siku mbili, sina cha kutazama ila shingo yake na nguo niliyoishona kwa mkono wangu. Mshono wa bega la kulia ulikuwa umepinda kidogo. Uliniudhi mpaka adhuhuri.

Mapigo yetu hayakupatana. Alipiga kasia kama anayekoroga uji, polepole na kwa uangalifu, na mimi nilipiga kama ninayefukuzwa. Kila baada ya muda makasia yaligongana.

"Dada, tupunguze," alisema bila kugeuka.

"Tutaachwa."

"Hatuachwi. Sisi ndio tuko mbele."

Nikatazama nyuma, na kweli, kayaki zote zilikuwa nyuma yetu. Hilo halikunipunguza kasi. Bahari upande wa ndani wa mwamba ilikuwa shwari, upepo mwepesi ukitusukuma mgongoni, hoteli za Kilifi zikaisha, ikaanza mivinje na mchanga mtupu. Mtu mwingine angeifurahia asubuhi ile. Mimi nilikuwa nahesabu rasi zilizobaki mbele, nikiifikia moja naitaka inayofuata.

Adhuhuri tulipumzika kwenye ufuo ulio chini ya Matsangoni, na mama yake mwalimu alikuwa ametangulia, amekuja na sufuria ya muhogo wa kuchemsha. Alikuwa mwanamke wa shamba, mikono migumu, Kiswahili chake kimechanganyika na Kigiriama. Aliuliza mjane ni yupi. Akaja akachutama mbele yangu, akanichagulia kipande kizuri, akakitoa uzi wa katikati, akakitia chumvi na pilipili, akanipa.

"Kula, mwanangu," akasema. "Mimi sina neno la kukwambia."

Akangoja. Alinitazama mpaka nilipokimaliza, kisha akanipa kingine. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kula nikiwa nimekaa chini mpaka nikashiba, na sababu ni kwamba nilimwonea haya kuinuka.

Mchana, kabla ya Watamu, tulifika mahali maji ya hori ya Mida yanapotoka kukutana na bahari. Maji yalikuwa yanatupwa nje kwa nguvu, na yanapogongana na mawimbi yanayoingia, bahari inasimama kama inachemka. Mkuu alikuwa ameshatuonya tangu asubuhi kwamba pale mashua itatangulia, tuzunguke mbali tukiifuata. Kuzunguka kulikuwa kurefu. Niliona Watamu ng'ambo, karibu, nikaielekeza kayaki moja kwa moja.

"Mkuu kasema tuzunguke," mwalimu akasema.

"Piga kasia."

Kosa lile lilikuwa langu, na sijawahi kumwambia mtu vingine. Wimbi la kwanza lilitupiga ubavuni tukayumba. La pili lilitupindua.

Nilikwenda chini, masikio yakajaa ngurumo, na wazo lililonijia, nakumbuka wazi, ni kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mume wangu. Kisha jaketi likanivuta juu nikatoa kichwa. Kayaki ilikuwa imelala kifudifudi hatua chache kutoka kwangu. Mwalimu aliibuka upande wa pili, na badala ya kuishika kayaki, aliiacha akanijia mimi. Alinikamata mkono juu ya kiwiko.

"Shika kayaki," nikamwambia. "Niachie mimi, shika kayaki."

Hakuniachia. Wimbi lilitufunika sote wawili, tukaibuka, bado amenishika. Macho yake yalikuwa usoni kwangu, hayapepesi, kama anayesoma maandishi madogo. Nilimfokea. Nilijaribu kumbandua vidole. Alikuwa akirudia jambo moja tu, "Nakuona, dada. Nakuona." Mashua ya waokoaji ilitufikia tukiwa hivyo, na hata walipotuvuta ndani, mkono wangu ulikuwa bado uko kwake. Alama za kucha zake zilikaa wiki mbili.

Mkuu hakunigombeza. Alinitazama tu, akaifunga kayaki yetu nyuma ya mashua, akatufikisha kwenye maji matulivu, akasema, "Mnaweza kuendelea?" Mwalimu ndiye aliyejibu kwamba tunaweza.

Watamu tulifika jua likiwa bado juu. Wenzetu walikwenda kuoga na kula. Mimi nilikuwa nakwenda huku na huko mchangani, nakung'uta vitu vilivyokwisha kukauka, na mwalimu alikuwa amekaa karibu na kayaki, magoti kifuani. Mwishowe nikasimama mbele yake.

"Kwa nini hukuniachia?"

Akanieleza, na nilimsikiliza nikiwa nimesimama.

Alisema mume wangu alipomfikia, yeye alikuwa keshakunywa maji mengi, akamrukia shingoni kumshika. Mume wangu akamkwepa, akajivua mkanda wa boya alilokuwa akilivuta, akamsukumia boya kifuani. Akamwambia, "Mwalimu, wasichana wako wametoka wote wawili. Sasa wewe. Piga miguu, tazama ufuo, usinitazame mimi. Mimi niko nyuma yako." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, akasema, kama mtu anayeelekeza njia.

"Nikafanya alivyoniambia," mwalimu akasema. "Nilipiga miguu, nikautazama ufuo. Nilimsikia nyuma yangu akipumua. Kisha sikumsikia, nikadhani ni mawimbi. Sikugeuka, dada. Aliniambia nisitazame, na mimi nikatii. Nilipokanyaga mchanga ndipo nikageuka, na hapakuwa na mtu."

Basi kile kipande cha katikati kilikuwa ni hicho. Nilikuwa nimekingoja miezi yote ile nikidhani nikikipata kutakuwa na mtu wa kumlaumu. Niliisikia sauti ya mume wangu katika maneno yale, ile sauti yake ya kuniambia gesi imekwisha. Nikakaa chini mchangani.

"Siku ile asubuhi," nikamwambia, "nilikuwa na oda ya sare, nimeinama kwenye cherehani. Aliniaga mlangoni. Nikamjibu, lakini sikuinua kichwa. Nimejaribu kukumbuka alivaa nini akitoka. Sijui. Sikumwona."

Hakuniambia kwamba ni mambo ya Mungu, wala kwamba nisijilaumu, maneno niliyokuwa nimeyasikia mpaka yameniota masikioni. Alisogea tukakaa bega kwa bega, na yeye akalia, na mimi nikalia, mpaka binti wa mkuu akaja kutuita chakula kinapoa.

Siku ya pili tulikuwa wazito, viganja vimechubuka. Mwalimu alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, si kwa ajili yangu, na nikagundua nimeanza kupiga kasia kwa kufuata mapigo yake. Makasia hayakugongana tena, au tuseme yaligongana mara chache. Tukapita Mayungu. Kichwani sikuwa na utulivu niliokuwa nautarajia baada ya kuyasikia yale. Badala yake maswali mapya yalikuja, alichoka lini, alimwita mtu au hakumwita. Nilimuuliza mwalimu mengine, akanijibu aliyoyajua, na asiyoyajua alisema hayajui.

Malindi watu walikuwa wamejaa ufuoni, watoto wa shule wanapuliza filimbi. Mbele yao wote alisimama mavyaa yangu, ambaye tangu siku ya msiba alikuwa hajakanyaga mchanga wa pwani. Tulipokaribia hakungoja. Aliingia majini na buibui lake mpaka magotini, akaishika pua ya kayaki kwa mikono miwili. Alimtazama mwalimu kwanza, kisha mimi.

"Mmekula?" akauliza.

Akampa mwalimu mkono kumteremsha, na safari hii hakuutoa.

Kukawa na hotuba. Watu walisema maneno mazuri juu ya mume wangu, na nilitaka kuyasikia, lakini sikuweza kusimama mahali pamoja. Nilikuwa napita nyuma ya watu nikiokota makasia, nikianika majaketi kwenye kamba. Nilikuwa nimedhani nikikanyaga mchanga ule kitu fulani ndani yangu kitashuka kikae. Nilitazama kule kwenye mwamba walikompata. Mawimbi yalikuwa yanavunjika pale kama kila siku.

Michango ilitosha. Waokoaji wana maboya mapya, na kila Jumamosi asubuhi kuna darasa la kuogelea la watoto. Nguo zao za majini nazishona mimi, na wasichana wadogo huingia nami. Naambiwa sasa nimetulia. Huwa siwabishii wanaosema hivyo, maana kikombe cha chai siku hizi nakimaliza, ingawa mara nyingi nikiwa mlangoni. Mwalimu alikuwa karibu kuacha kazi, wazazi wengine hawakutaka kumwona shuleni. Mama wa msichana yule wa pili ndiye aliyesimama mkutanoni akamtetea, na bado anafundisha kule kule Mariakani.

Akija kwao Matsangoni hunipigia simu. Jumapili iliyopita tuliazima kayaki, bila bendera wala hotuba, tukaelekea kusini, upepo unatupiga usoni. Tulikusudia kufika Watamu. Tulipofika Mayungu mikono ilikuwa imekufa, tukageuza, na njia nzima ya kurudi tulibishana ni nani kati yetu aliyekuwa akilegea.